Ndama wa Deni Apimwe Kabla ya Kukabidhiwa

Dawa ya deni ni kulipa, na katika vijiji vya Lushoto deni hulipwa kwa ndama. Familia isiyo na ng'ombe hupewa mtamba mwenye mimba. Haidaiwi fedha. Inadaiwa ijenge banda, ipande majani kwenye kingo za matuta, imtunze mnyama kwa bidii. Naye akizaa jike, ndama huyo wa kwanza akishakua hupelekwa kwa jirani ambaye jina lake linafuata katika orodha. Jirani naye atamtunza, atamzalisha, na atalipa kwa jirani wa tatu. Hivyo ndivyo mpango wa kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe ulivyopanda milima ya Usambara, banda kwa banda, na kuwafikishia maziwa na samadi watu ambao benki yoyote ingewafungia mlango.

Hatuna neno baya la kusema juu ya mpango huu. Umejengwa juu ya kuaminiana, na umeingia katika nchi iliyokwisha kuujua ufugaji wa kuaminiana: tangu zamani Washambaa waliweka ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wa vijiji vingine, na Wambugu wa nyanda za juu wamekuwa wafugaji kwa vizazi vingi. Kwa sababu hiyo hiyo tunauliza leo swali ambalo halijaulizwa vya kutosha. Ndama anapovushwa bonde kwenda kulipa deni, je, anakwenda peke yake? Au amebeba mwilini mwake kitu alichokirithi tumboni mwa mama yake, ambacho jirani hakukikopa na hakukitaka?

Swali hili si la kubuni. Yako maradhi ya virusi ambayo ng'ombe humwachia mwanawe kabla hajazaliwa. Moja kati ya hayo ni maradhi ya kuhara ya virusi ya ng'ombe. Jina lenyewe linapotosha, maana wanyama wengi walioambukizwa hawahari kamwe. Ugonjwa ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1946 katika jimbo la New York, Marekani. Kwetu Afrika Mashariki haukuchelewa kujulikana: katika miaka ya 1960 kirusi wa jamii hiyo hiyo alipatikana kwa twiga nchini Kenya, na utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba ng'ombe, kondoo na mbuzi wa kaskazini mwa Tanzania walikuwa na alama za kinga katika damu zao, yaani walikwisha kukutana na virusi hivyo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya.

Tumboni mwa mama

Ili tuelewe hatari iliyopo hatuna budi kuingia kidogo katika elimu ya mimba. Ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa miezi tisa hivi. Akiambukizwa virusi hivi wakati hana mimba, aghalabu hupata homa ndogo, maziwa hupungua kwa siku chache, kisha hupona na kubaki na kinga. Mfugaji anaweza asione lolote. Lakini akiambukizwa akiwa na mimba, virusi hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hapo kila kitu hutegemea umri wa mimba.

Mimba ikiwa changa sana, hufa na kuyeyuka, na ng'ombe hurudi kutafuta dume. Ikiwa kubwa zaidi, yaweza kutupwa, au ndama huzaliwa na kasoro za macho au za ubongo, hawezi kusimama sawasawa. Ikiwa imekaribia kukomaa, mtoto huweza kupambana na virusi mwenyewe na kuzaliwa mzima, tena akiwa na kinga.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katikati, kuanzia mwezi wa pili wa mimba hadi mwezi wa nne. Wakati huo mwili wa mtoto ungali unajifunza kutambua kilicho chake na kisicho chake. Virusi vikimwingia wakati huo, mwili huviandika katika daftari la wenyeji. Hauvipigi vita kwa sababu hauvijui kuwa ni adui, na hautavijua mpaka mnyama afe. Ndama wa namna hiyo huzaliwa akiwa mbebaji wa kudumu. Hutoa virusi katika mate, makamasi, mkojo, kinyesi na maziwa. Na akiwa dume, hata katika mbegu zake. Hutoa kila siku ya maisha yake, tena kwa wingi kuliko mnyama aliyeugua kwa siku chache na kupona.

Wengine kati ya wabebaji hawa hudumaa, manyoya yao yakawa makavu, wakawa watu wa vichomi na kuhara visivyokwisha, na wengi hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengine hufa ghafla kwa vidonda vya kinywa na kuhara kukali, hali inayofanana na sotoka kiasi kwamba zamani ilikuwa rahisi kuyachanganya maradhi hayo mawili. Lakini wapo wanaokua vizuri, wakang'aa, wakapendeza machoni. Hao ndio wa kuogopwa zaidi, maana ndio watakaochaguliwa kulipa deni. Na jike aliye mbebaji wa kudumu, akizaa, hana budi kuzaa mbebaji mwingine. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Tuwazie sasa mkondo wa deni letu. Familia ya kwanza inampeleka mtamba huyu kwa familia ya pili. Huko anazaa ndama mwenye virusi, ambaye anapelekwa kwa familia ya tatu. Kila anapofika, majirani wenye ng'ombe wenye mimba wanaanza kuona mambo wasiyoyaelewa: ng'ombe hawashiki mimba, mimba zinatoka, ndama wanakonda. Hakuna mwenye kosa, na kila mmoja amelipa deni lake kama alivyoahidi. Ukarimu wenyewe umegeuka kuwa barabara ya maradhi.

Kununua mmoja, kupata wawili

Liko jambo jingine ambalo wafugaji wengi, na hata baadhi ya wanaosimamia ugawaji wa mifugo, hawajalitilia maanani. Mtamba mwenye mimba hupendwa kuliko asiye na mimba. Bei yake ni kubwa, na mnunuzi hufurahi kwamba amenunua mmoja akapata wawili. Mara nyingine mnyama huyo hupimwa, akaonekana hana virusi, cheti kikaandikwa, na kila mtu akaridhika.

Cheti hicho ni cha mama. Si cha mtoto. Ng'ombe aliyeambukizwa miezi mitatu iliyopita, akapona na kupata kinga, atapimwa leo na kuonekana msafi kwa haki kabisa, ilhali tumboni mwake amemchukua ndama atakayeeneza virusi mpaka mwisho wa uhai wake. Tena wabebaji wengi wa kudumu huzaliwa na mama wa aina hiyo hasa, mama walio wazima wasiokuwa wabebaji. Basi kumpima mama na kumwacha ndama ni sawa na kukagua gari na kuacha shehena.

Kinyume chake, kumpima ndama kuna faida mbili kwa gharama ya kipimo kimoja. Ndama akionekana hana virusi, mama yake pia si mbebaji wa kudumu, kwa sababu mama mbebaji hawezi kuzaa ndama asiye na virusi. Ndama akionekana anavyo, hurudiwa kipimo baada ya wiki tatu au nne ili ijulikane kama ni maambukizo ya kupita au ya kudumu, na mama naye hupimwa.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mama wa ng'ombe hampi mtoto wake kinga tumboni. Kondo la nyuma la ng'ombe huzizuia chembe za kinga zisipite. Kinga yote ya mwanzo ndama huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, tena katika saa chache baada ya kuzaliwa, kwani utumbo wake hujifunga baada ya siku moja. Kwa hiyo anayekamua dang'a na kumcheleweshea ndama anamnyima ngao ya kwanza ya maisha yake. Lakini dang'a hiyo hiyo huweza kuvificha virusi katika kipimo cha damu kwa muda wa wiki kadhaa. Ndiyo maana wataalamu wa nchi nyingi hupendelea kipande kidogo cha ngozi ya sikio kuliko damu wanapompima ndama mchanga.

Milimani na tambarare

Huenda msomaji akasema kwamba tunazungumzia ng'ombe wa maziwa tu, na ng'ombe wa nyama hawamhusu mtu wa Lushoto. Sivyo. Milima ya Usambara haikukaa peke yake angani. Chini yake zimelala tambarare za Mkomazi na bonde la Umba, na kusini zaidi ziko nyika za Handeni, ambako ipo ranchi ya Taifa ya Mzeri na makundi makubwa ya ng'ombe wa nyama wa wananchi. Nyama iliwayo Soni, Lukozi na Mlalo haitoki yote katika mabanda ya milimani. Malori na wachungaji hupanda kutoka Mombo, na ng'ombe wa mnadani hukutana na ng'ombe wa bandani kwa dume la kuazima, kwa kamba, kwa ndoo, kwa viatu vya mnunuzi na kwa sindano moja iliyotumika kwa wanyama kumi.

Katika kundi la ng'ombe wa nyama hatari ni kubwa kuliko milimani. Huko ndama hakai katika kizimba chake. Hufuatana na mama yake malishoni, hunusana na majike wengine, hunywa nao maji kwenye bwawa moja. Madume huachwa ndani ya kundi, na majike wengi hushika mimba majira yale yale, majani yanapokuwa mengi. Ndama mmoja mbebaji akiwa amezaliwa mwanzoni mwa majira hayo, majike yote yaliyo katika mwezi wa pili hadi wa nne wa mimba yamo hatarini kwa pamoja. Mwaka unaofuata kundi huzaa wabebaji wapya, na mwenye kundi huona tu kwamba ndama wake ni wachache, wepesi katika mizani, na wagonjwa wagonjwa. Hasara ya nyama haionekani kwa mzoga. Inaonekana kwa ndama ambaye hakuzaliwa na kwa kilo ambazo hazikuongezeka.

Liko na jambo la pili linalotoka tambarare, nalo linawagusa binadamu. Ni homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Virusi vya homa hiyo navyo humpitia mama kumfikia mtoto, lakini havimfichi ndama. Humuua tumboni. Katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 ng'ombe zaidi ya 15,000 walitupa mimba nchini mwetu, na watu zaidi ya 140 walipoteza maisha, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Tena hapa urithi wa mzazi na mtoto ni wa ajabu zaidi, kwa sababu hata mbu huurithisha ugonjwa. Mbu wa aina fulani hutaga mayai yenye virusi katika ardhi ya mabonde. Mayai hayo huweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka, hata mvua kubwa ije iyafunike kwa maji, na mbu waanguliwe wakiwa tayari wamebeba virusi. Ndiyo sababu homa hii hukaa kimya kwa muda mrefu hata watu wakaisahau, kisha ikarudi na mafuriko.

Tofauti ya maradhi haya mawili mfugaji anapaswa kuijua vyema. Maradhi ya kuhara ya virusi hayamwambukizi binadamu. Homa ya Bonde la Ufa humwambukiza, na mlango wake mmoja mkubwa ni mikono ya yule anayemsaidia ng'ombe aliyetupa mimba, anayebeba kitoto kilichokufa na kusafisha kondo. Katika nyumba nyingi kazi hiyo huwaangukia akina mama na vijana. Kwa vile hakuna macho yanayoweza kutofautisha mimba iliyotupwa kwa ugonjwa huu na iliyotupwa kwa ugonjwa ule, kila mimba iliyotupwa ihesabiwe kuwa ni ya hatari mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mimba zinazozikwa kimya kimya

Je, mimba hizo hupimwa? Mara nyingi huzikwa nyuma ya banda, au hutupiwa mbwa, na habari ikaishia hapo. Mfugaji husema mnyama ameteleza mlimani, au amekula jani baya, au kuna mtu mwenye kijicho. Haoni sababu ya kumwita bwana mifugo kwa jambo lililokwisha kupita, na pengine bwana mifugo mwenyewe ana kata nzima ya kuzungukia kwa miguu.

Kati ya mwaka 2017 na 2019 watafiti walifanya kazi katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara ya kufuatilia mimba za mifugo zilizotupwa. Matukio 215 yalichunguzwa, na chanzo kikaweza kutajwa kwa karibu tukio moja katika kila matano. Miongoni mwa visababishi vilivyoonekana ilikuwamo homa ya Bonde la Ufa, na vimo vingine vinavyowapata watu pia. Fundisho kubwa la kazi ile ni jepesi: taarifa ikitolewa upesi na sampuli ikichukuliwa mapema, jibu hupatikana, ikichelewa, hupotea. Wafugaji wa mikoa ile hawana elimu kuliko wafugaji wa Lushoto. Walichokuwa nacho ni mtu wa kumpigia simu, naye akaja.

Nini kifanyike

Tunatoa mapendekezo matano, nayo tunayaelekeza kwa halmashauri za Lushoto na Bumbuli, kwa vyama vya ushirika vya maziwa, na kwa mashirika yote yanayogawa mifugo.

Kwanza, pasiwe na ndama wa deni atakayekabidhiwa kabla ya kupimwa. Kipimo kifanyike mapema, ndama angali mchanga, ili familia isimlishe kwa mwaka mzima mnyama asiyefaa kulipia. Nchi yetu sasa inawavisha ng'ombe hereni za utambuzi, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa Juni 2025. Uswisi, ilipoanza kuung'oa ugonjwa huu mwaka 2008, ilitumia hereni ambazo, zinapotoboa sikio la ndama, huchukua papo hapo kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya maabara. Sikio likitobolewa mara moja, kazi mbili hukamilika. Sampuli za ndama wengi huweza kuchanganywa na kupimwa pamoja, na pale tu mchanganyiko unapoonyesha virusi ndipo hupimwa mmoja mmoja. Kwa njia hiyo gharama hupungua sana. Tunayo Wakala wa Maabara ya Veterinari, iliyoanzishwa mwaka 2012, na tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro. Wataalamu wapo. Waombwe kuuandaa mpango huu.

Pili, kila mtamba mwenye mimba anayeletwa kutoka nje ya kijiji atengwe mbali na ng'ombe wengine wenye mimba, na asichanganywe nao hata ndama wake azaliwe na apimwe. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 imekwisha kutoa msingi wa kusimamia usafirishaji wa mifugo kwa vibali. Kibali kisiwe karatasi ya kupita kizuizini tu. Kiandikwe umri wa mimba.

Tatu, dume la kijiji lipimwe kabla ya kupanda ng'ombe hata mmoja. Jike mbebaji huzaa ndama mmoja kwa mwaka, lakini dume lililobeba virusi huvipeleka kila linakoitwa.

Nne, na hili tunalisema kwa mkazo, hasara isimwangukie mnyonge. Mpango wowote utakaomwambia mjane wa kijijini kwamba ndama wake ana virusi, amchinje, na deni libaki pale pale, utaua upimaji siku ile ile. Watu wataficha ndama. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tusimlaumu anayeficha ikiwa tumemfanya aogope kusema. Familia ambayo ndama wake amekutwa na virusi ihesabiwe kuwa imetimiza wajibu wake kwa kukubali kupima, na deni lingoje ndama wa uzao unaofuata. Iwapo mama yake naye ni mbebaji, familia ipewe ng'ombe mwingine, kwani aliyeleta mnyama huyo ndiye aliyeleta hasara. Ndama mwenyewe si wa kutupwa. Kwa vile ugonjwa huu haumpati binadamu, aweza kulishwa peke yake mbali na ng'ombe wenye mimba, kisha akachinjwa na kukaguliwa, nyama yake ikaliwa na ngozi yake ikauzwa. Wale ndama dume ambao wengi huwanenepesha kwa ajili ya sikukuu wanatuonyesha kwamba njia hiyo inajulikana.

Tano, kila kijiji kiwe na daftari la uzao linaloonyesha namba ya ndama, namba ya mama yake, dume lililopanda au mbegu iliyotumika, na tarehe. Mimba ikitupwa, taarifa itolewe siku hiyo hiyo. Kitoto na kondo visiguswe kwa mikono mitupu, mbwa wasipewe, na baada ya sampuli kuchukuliwa vizikwe kwa kina. Glavu ni kitu kidogo. Ziwekwe katika kila kituo cha kukusanyia maziwa.

Watakuwapo watakaouliza kwa nini tusichanje tu. Chanjo za ugonjwa huu zipo duniani, na zina kazi yake ya kuikinga mimba. Lakini hakuna chanjo imponyayo mbebaji wa kudumu. Ukichanja kundi zima na kumwacha yeye ndani, umefunga madirisha na kumfungia mwizi sebuleni. Norway na Sweden zilianza kupambana na ugonjwa huu mwaka 1992 na 1993 bila kutegemea chanjo. Zilipima, zikawatoa wabebaji, zikazuia kununua ng'ombe asiyejulikana, na zikafanikiwa kuung'oa.

Na wapo watakaosema kwamba hizo ni nchi tajiri. Ni kweli. Lakini Lushoto ina kitu ambacho nyika haina. Ng'ombe wake wengi hukaa bandani na kuletewa majani. Mradi wa kuhifadhi udongo ulioanza wilayani mwaka 1981 ulisaidia kuujenga ufugaji huo wa ndani, pamoja na upandaji wa majani ya kulishia kwenye makinga maji. Ng'ombe wa bandani hawatembei kupeleka ugonjwa. Ugonjwa hutembezwa na sisi, tunapoazima dume, tunaponunua mtamba, tunapolipa deni. Njia hizo zikilindwa, hakuna nyingine nyingi zilizobaki. Kwa maana hiyo Lushoto inaweza kuwa mahali pa kwanza nchini kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana, na tambarare zikajifunza kutoka milimani.

Hata hivyo lisifanywe kwa amri. Milima hii inakumbuka. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha pale Mlalo mpango wa kuiokoa ardhi, na watu wakalazimishwa kulima matuta wasiyoyataka, kwa faini na vitisho. Hata hoja zilizokuwa na ukweli ndani yake, kwamba udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua, zilikataliwa kwa sababu ya namna zilivyoletwa. Mwaka 1957 mpango ule ulikwisha kuachwa. Baadaye watu wa milima hiyo hiyo walipanda majani na miti katika kingo za mashamba yao, walipoona faida kwa macho yao na kuulizwa maoni yao. Basi bwana mifugo asiende kijijini na mkasi wa kutoboa masikio kabla ya kwenda na maneno ya kueleza. Mkutano uitwe, mfugaji aulize anavyotaka, na aliyekwisha kupima asimame aseme yaliyompata.

Tumepata kushinda maradhi makubwa kuliko haya. Sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji wakiwa maskini na wenye njaa. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha. Haikuisha kwa dua peke yake, wala kwa dawa peke yake. Iliisha kwa sababu wafugaji walitoa taarifa, wachanjaji walitembea, na maabara zikasema kweli.

Mpango wa kulipa kwa ndama umesimama juu ya ahadi moja: nitakupa ulicho sawa na nilichopewa. Mkopaji ameitimiza sehemu yake kwa kutunza, kuzalisha na kukabidhi. Lililobaki ni la wale wanaosimamia, nalo ni kuhakikisha kwamba kile kinachokabidhiwa ni ng'ombe, na si ugonjwa uliovishwa ngozi ya ng'ombe. Orodha ya familia zinazongoja ni ndefu. Familia inayofuata ikishaambiwa ijenge banda, iambiwe pia kwamba ndama wake amepimwa.